Petroli Yenye Subira

Katika nyumba ya Bwana Mabango kila kitu kilikuwa na maandishi. Swichi ya taa ya jikoni iliandikwa JIKONI. Kopo la sukari liliandikwa SUKARI. Kopo la chumvi liliandikwa SI SUKARI, kwa sababu mama yake mzazi aliwahi kuyachanganya, na wageni wakanywa chai huku macho yamewatoka. Mlango wa choo uliandikwa BISHA KWANZA, na maandishi hayo yalikuwa mazuri kuliko ya duka lolote mtaani.

Kuandika mabango ndiyo kazi iliyomlisha. Aliandika majina ya maduka, ya saluni na ya zahanati. Alipenda herufi kama wengine wanavyopenda maua. Angeweza kusimama barabarani mbele ya bango la mtu mwingine, kichwa amekiinamisha upande, na kusema, "Tazama hiyo R ilivyokaa!" Ukimuuliza bango linasema nini, hajui. Hakulisoma.

Mkewe alishona mapazia, na majirani walimwita Mama Mapazia. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha. Ng'ambo ya cherehani alikaa mama mkwe wake, bibi mwembamba mwenye ulimi mwepesi, aliyemsaidia kufumua mishono iliyokosewa.

"Pindo hili ulilishona umelala, mwanangu?"

"Nilikuwa nakusikiliza wewe, Mama."

"Basi ni kulala huko huko."

Wakacheka. Ndivyo walivyoishi, mkwe na mama mkwe, kutaniana asubuhi hadi jioni.

Lakini figo za mama mkwe zilikuwa zimechoka. Ilibidi apelekwe hospitali kila mara kusafishwa damu kwa mashine. Nyumbani siku hizo waliziita siku za mashine. Muuguzi aliwaeleza bila kuzunguka: "Figo zake hazitoi tena maji wala uchafu mwilini. Mashine ndiyo inayofanya kazi hiyo. Siku ya mashine hairukwi, hata iweje." Na hospitali yenyewe ilikuwa juu kilimani. Barabara yake ilipanda kama ngazi.

Walikuwa na magari mawili. Moja lilikuwa pikapu la zamani, kubwa, lenye injini inayonguruma kama mtu mzito anayeamka. Bwana Mabango alilitumia kubeba ngazi, mbao na makopo ya rangi. La pili lilikuwa gari dogo la Mama Mapazia, ambalo lilikuwa limetumika kabla hawajalinunua. Mama mkwe aliliita Kitoto. Nyuma yake palikuwa na neno TURBO kwa herufi za fedha zinazong'aa.

"Herufi zimelala vizuri sana," Bwana Mabango alisema siku gari lilipoletwa. Hakuuliza neno lina maana gani. Hakuna aliyeuliza.

Kituo cha mafuta cha mtaani kilikuwa na petroli za aina mbili. Kulikuwa na ya kawaida, na kulikuwa na ya daraja la juu ambayo bei yake ilikuwa kubwa kidogo. Bwana Mabango alikwisha kata shauri. Ya juu ni ya pikapu. Ya kawaida ni ya Kitoto.

"Gari kubwa lina injini kubwa, na injini kubwa inataka chakula cha nguvu," alieleza. "Hako kadogo ukikapa hicho, katavimbiwa."

Ili mhudumu wa kituo asikosee, alitengeneza vibandiko viwili vizuri mno. Ndani ya kifuniko cha tangi la pikapu alibandika NIPE YA JUU. Ndani ya kifuniko cha Kitoto alibandika NIPE YA KAWAIDA. Wahudumu walivifurahia. Walisoma, wakacheka, wakajaza kama walivyoambiwa.

Mambo yakaenda hivyo kwa miezi. Kitoto kilianza kuwa kizito barabarani, na kunywa mafuta kwa pupa. Hakuna aliyeshtuka.

"Uzee huo unabisha hodi," Bwana Mabango alisema, na yakaishia hapo.

Kisha ikaja siku ya mlima.

Ilikuwa siku ya mashine, mchana, jua la kuunguza. Mama Mapazia alimkalisha mama mkwe wake kiti cha nyuma. Pembeni yake alipakia mabunda ya mapazia mapya ya wodi za hospitali. Fimbo za chuma za kutundikia mapazia zilipita katikati ya viti mpaka mbele. Walipofika chini ya mlima, akakanyaga mafuta.

Injini ikaanza kutoa sauti. Ilikuwa sauti kavu, ya harakaharaka, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo.

"Nani anakaanga bisi huko mbele?" mama mkwe aliuliza.

"Ni injini, Mama."

"Mwambie apunguze moto."

Mama Mapazia hakucheka. Kokoto zilizidi. Alikanyaga zaidi, lakini badala ya kukimbia, gari likalegea kama mtu aliyeishiwa nguvu magotini. Taa ya njano yenye umbo la injini ikawaka mbele yake, ikazima, ikawaka, ikazima. Nyuma yao lori likapiga honi ndefu. Vioo vikatetemeka.



"Mama, shikilia kiti!"

  Mama Mapazia alimtazama mama mkwe wake kwenye kioo. Alikuwa amekumbatia bunda la mapazia kwa mikono miwili, midomo imemkauka.

Mama Mapazia alilisogeza gari pembeni. Lori likapita karibu mno, na upepo wake ukakitikisa Kitoto chote. Mama Mapazia akavuta breki ya mkono. Wakakaa hapo juani mpaka injini ikapoa. Kisha wakapanda kwa gia ya kwanza, wakitambaa. Hata watu wa miguu waliwapita, na mmoja akawapungia mkono wa kwaheri.

Walifika wamechelewa. Mgonjwa mwingine alikuwa akiisubiri mashine ile ile baada yao, kwa hiyo muda uliobaki ulikuwa mfupi. Muuguzi alifanya alichoweza. Mwishowe aliubonyeza mguu wa mama mkwe kwa kidole. Kidole kilipoondoka, shimo lilibaki kwenye ngozi, kama kwenye donge la unga uliokandwa.

"Mnaona?" alisema. "Maji yamebaki mwilini. Kesho kutwa msichelewe hata kidogo. Nawaomba."

Jioni ile, mezani, mama mkwe aliweka kikombe chake chini.

"Wanangu, nisikilizeni. Mimi siendi tena."

"Huendi wapi, Mama?" Bwana Mabango aliuliza.

"Kwenye mashine. Gari limeshindwa kunibeba, nanyi mnaona haya kuniambia. Maji yamenijaa, nimekuwa mzito. Nikiendelea nitaliua gari, na gari hilo ndilo linalopeleka mapazia kwa wateja. Niacheni hapa dirishani na nyuzi zangu, mpaka hapo itakapokuwa."

Mama Mapazia alihisi kama sindano ya cherehani imempita kidoleni.  Wote watatu walijua maana ya kukaa bila mashine.

"Nitakupeleka kwa pikapu," Bwana Mabango alisema haraka.

"Pikapu? Mguu wangu haufiki hata mlangoni kwake. Utanipandisha kwa ngazi ya mabango?"

Ulikuwa utani, lakini hakuna aliyecheka. Mama mkwe akainuka, akishikilia ukuta, akaenda kulala. Bwana Mabango alibaki akiitazama nafasi tupu aliyokuwa amekaa mama yake.

Jirani yao wa ua wa pili alikuwa mwanamke anayefundisha ufundi wa magari chuoni. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Plagi, na jina hilo likamfuata mpaka mtaani. Asubuhi iliyofuata alikuwa uani kwake, anajaza upepo tairi la baiskeli. Mama Mapazia alimwendea, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Mwalimu, hivi gari linaweza kushindwa kumbeba bibi mmoja mwembamba?"

Mwalimu Plagi akaacha kusukuma pampu. "Swali gani hilo, jirani? Haya, anza mwanzo."

Mama Mapazia akaeleza. Alipofika kwenye kokoto, Mwalimu Plagi akasimama wima.

"Umesema kokoto? Mkiwa mnapanda? Na ulikuwa umekanyaga mafuta?"

"Ndiyo."

"Na taa ya injini inawaka na kuzima?"

"Ndiyo, Mwalimu. Mbona unanitisha?"

"Kwa sababu nimetishika. Gari hilo lisiwashwe kwanza. Nakuja."

Alikuja na sanduku la vifaa mkononi, na pampu ya baiskeli ameisahau kwapani. Bwana Mabango alikuwa tayari amesimama kando ya Kitoto, anazunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Hili ni gari la turbo," Mwalimu Plagi alisema. "Mnalijaza petroli gani?"

"Soma mwenyewe." Bwana Mabango akafungua kifuniko cha tangi. Hata katika huzuni ile, aliona fahari kidogo.

Mwalimu Plagi akasoma NIPE YA KAWAIDA. Akamtazama Bwana Mabango. Akakitazama tena kibandiko.

"Umekitoa wapi?"

"Nimekitengeneza mwenyewe."

"Ni kizuri. Chini yake kuna nini?"

"Chini yake? Kulikuwa na kijikaratasi cha kiwandani. Herufi ndogo, zimebanana, hazina mvuto wowote. Nikakifunika."

Mama Mapazia aligeuza kichwa polepole. "Ulikifunika? Bila kukisoma?"

 Mama Mapazia aliingiza ukucha wake chini ya kibandiko, ule ukucha uliozoea kufumua nyuzi, akakibandua taratibu. Chini yake palikuwa na picha ndogo ya pampu ya mafuta, namba 95, na maneno haya: *Petroli ya okteni 95 au zaidi. Ni lazima.*

"Na ile ya kawaida ya kituo chetu ina namba gani?" aliuliza kwa sauti ya kunong'ona.

"Tisini na moja," Mwalimu Plagi alijibu. "Ya juu ni tisini na tano. Imeandikwa kwenye pampu, kubwa tu."

Bwana Mabango akaelekeza kidole kwenye boneti. "Lakini injini hii ni ndogo!" alisema. "Ni ndogo, Mwalimu! Itatakaje chakula cha nguvu kuliko pikapu?"

"Ni ndogo, na ndiyo maana. Ngoja nikuoneshe." Mwalimu Plagi akaiona pampu kwapani mwake, akatabasamu kidogo. Akaliegemeza tairi la akiba la Kitoto ukutani, akaunganisha pampu, akasukuma kwa nguvu na haraka mpaka jasho likamtoka. "Shika hapa chini."

"Nishike mimi!" sauti ilitoka dirishani. Alikuwa mama mkwe. Muda wote ule alikuwa anasikiliza. Mama Mapazia akaenda kumshika mkono, akamleta nje hatua kwa hatua. Bibi akaigusa pampu chini, kisha akaurudisha mkono kama aliyegusa sufuria.

"Loo! Inaunguza! Nani ameiwasha?"

"Hakuna aliyeiwasha, Mama. Ni hewa tu. Hewa ukiibana, inapata joto."

"Hewa hii hii tunayovuta?"

"Hiyo hiyo. Sasa nisikilizeni. Ndani ya injini kuna silinda, yaani mitungi ya chuma. Katika kila silinda kuna pistoni, inapanda na kushuka kama pampu hii. Petroli na hewa vinaingia, pistoni inapanda na kuvibana. Kisha plagi inatoa cheche. Mchanganyiko unawaka, moto unaisukuma pistoni chini, na gari linakwenda. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja," mama mkwe alijibu kama mwanafunzi wa mstari wa mbele.

"Turbo ni feni ndogo. Moshi unaotoka kwenye injini ndio unaoizungusha. Kazi yake ni kusukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Hivyo injini ndogo inapata nguvu kama ya injini kubwa. Lakini hewa nyingi ikibanwa mahali padogo..."

"Joto jingi," Mama Mapazia alimalizia.

"Jingi sana. Na hapo petroli ya kawaida haina subira. Sehemu yake inajiwasha yenyewe kabla moto wa cheche haujaifikia. Mnapata mioto miwili ndani ya mtungi mmoja, na inagongana. Zile kokoto ni kishindo chake. Kila kokoto ni nyundo juu ya pistoni."

Mama Mapazia alishika kifua. "Na mimi nilikanyaga zaidi! Mama alikuwa nyuma, na mimi nikazidi kukanyaga!"

"Ungejuaje? Kila mtu angekanyaga. Lakini kuanzia leo, ukisikia kokoto, inua mguu. Shusha gia, punguza mwendo. Taa ikiwaka na kuzima, egesha pembeni."

Bwana Mabango alikuwa ameegemea gari kwa mkono mmoja. "Kwa hiyo ile ya juu ina nguvu zaidi?"

"Wengi wanadhani hivyo. Haina nguvu zaidi, wala si kali zaidi. Ina subira zaidi. Okteni ndiyo kipimo cha subira hiyo. Namba ikiwa kubwa, petroli inavumilia kubanwa bila kujiwasha, inaingoja cheche."

"Na pikapu langu?" Sauti yake ilikuwa imesinyaa. "Lenyewe halina turbo."

"Kifuniko chake kinasemaje?"

"Nacho nilikifunika."

Alikwenda mwenyewe. Walimwona akiinama kwenye kifuniko cha pikapu, akibandua, kisha akibaki ameinama vile vile muda mrefu. Aliporudi, uso ulikuwa umemshuka.

"Linataka ya kawaida," alisema. "Tisini na moja. Mwalimu, sasa ile ya juu ilikuwa inafanya nini mle ndani miezi yote hii?"

"Ilikuwa na subira bila kuwa na cha kusubiri. Injini yako haibani sana. Haikupata nguvu, haikupata afya. Ilipata bei tu."

Mama mkwe akamtazama mwanawe kutoka utosini hadi vidoleni. "Mwanangu, umemvisha mtoto viatu vya baba, na baba ukamvisha vya mtoto. Kisha ukawaandikia vibandiko vizuri."

"Mama, nisamehe. Nilikuwa natazama herufi."

"Mimi sijambo. Muombe radhi Kitoto."

Mama Mapazia alikuwa bado na jambo moja kooni. "Mwalimu, mbona kokoto hazikusikika tangu siku ya kwanza?"

"Lina sikio. Ni kifaa kidogo kwenye injini, kinasikiliza. Kikisikia mwanzo wa kokoto, kinaichelewesha cheche ili kuilinda injini. Injini inasalimika, lakini inapoteza nguvu na inakunywa mafuta zaidi."

"Ndiyo ule uzito!" Mama Mapazia alimgeukia mumewe. "Si uzee!"

"Si uzee," Mwalimu Plagi alisema. "Kwenye barabara tambarare sikio linatosha. Lakini mlima, jua kali, mzigo na mafuta yamekanyagwa, vyote kwa pamoja, sikio linazidiwa. Sasa tuone limezidiwa kiasi gani."

Akafungua boneti. Akatoa plagi moja, akaielekeza kwenye mwanga. Akamwita Mama Mapazia kwa kidole. Kwenye ncha nyeupe ya plagi palikuwa na vitone vidogo vinavyong'aa, vyembamba kama vumbi la bati.

"Uchafu?" Mama Mapazia aliuliza.

"Ningependa iwe uchafu. Hiyo ni pistoni, dada. Imeanza kuyeyuka."

Mama Mapazia akakaa pale pale kwenye kizingiti cha gari. Bwana Mabango alisema "Hapana," kisha akasema tena "Hapana," kana kwamba kuna mtu wa kubishana naye. Mama mkwe tu ndiye aliyeuliza swali la maana.

"Imekufa?"

"Bado sijui, Mama. Nipeni dakika."

Mwalimu Plagi alitoa plagi zote. Akachukua kipimo cha mbano, chenye mshale, akakifunga kwenye tundu la silinda ya kwanza. Akamwambia Mama Mapazia azungushe ufunguo. Injini ilikohoa bila kuwaka, na mshale ukapanda.  Akahamia silinda ya pili, kisha ya tatu. Mama Mapazia hakuwa anautazama mshale. Alikuwa anautazama uso wa Mwalimu Plagi.

Mwalimu Plagi akafuta mikono.

"Mbano uko sawa kote. Mmewahi. Mlima mwingine kama ule, pengine pistoni ingetoboka, na hapo tungezungumza habari ya injini nyingine."

Bwana Mabango aliziba uso kwa viganja vyake. Mabega yalimtikisika.

Mama mkwe alikuwa bado ameshikilia mkono wa mkwewe. "Mwalimu," alisema polepole, na safari hii hapakuwa na mzaha kwenye sauti yake. "Kwa hiyo si mimi? Si uzito wangu?"

"Wewe, Mama? Gari hili limeundwa kubeba watu wazima watano na mizigo yao. Wewe na mapazia yote hamjazi hata nusu. Lilikuwa linalia kwa sababu ya kilichomo kwenye tangi. Halikukulilia wewe."

 Bibi akainua kona ya kanga yake, akajifuta jicho moja, halafu la pili. "Na mimi nilishawaaga," alisema.

Wakapanga mambo pale pale uani. Mwalimu Plagi alifunga plagi mpya. Alimwambia Bwana Mabango aende taratibu, kwa barabara ya tambarare, mpaka kituoni, akalijaze tangi petroli ya juu mpaka juu kabisa.

"Lakini bado lina ya kawaida nyingi ndani," Bwana Mabango alisema.

"Zitachanganyika, na subira itaongezeka, ingawa haitafika kamili. Ndiyo maana kesho hampandi mlima ule. Piteni barabara ya mzunguko, ile isiyo na mwinuko mkali. Ondokeni mapema. Msibebe mapazia wala fimbo. Mbebeni Mama tu. Ikipungua, jazeni ya juu tena, na muendelee hivyo. Wiki ijayo nileteeni gari chuoni, tulisikilize kwa kompyuta."

"Kwa hiyo kila gari la turbo ni lazima lipewe ya juu?" Bwana Mabango aliuliza. Sasa alikuwa amezoea kuuliza. "Nina wateja wangu wawili wana magari ya turbo. Niwaambie?"

"Usiwaambie hivyo. Mengine ya turbo yameundwa kwa petroli ya kawaida, na hayadhuriki. Kwa mengine kiwanda kinasema ya juu *inapendekezwa*. Hayo yanaweza kwenda na ya kawaida, ila nguvu inapungua kidogo, na kwenye mlima au mzigo mzito ni vizuri kuyapa ya juu. Na kwa mengine kama hili kinasema ni *lazima*. Hapo hakuna mjadala. Waambie wasome kifuniko cha tangi na kitabu cha gari. Anayejua ni aliyeiunda injini. Si mimi, si wewe, wala si mhudumu wa kituo."

"Nitawaambia wasome," Bwana Mabango alisema. Akaona aibu, akaongeza, "Kusoma, si kutazama."

Kesho yake waliondoka alfajiri, jua halijachomoza sawasawa. Barabara ya mzunguko ilikuwa ndefu, na mama mkwe aliilalamikia njia nzima: mashimo, kona, matuta. Mama Mapazia alisikiliza malalamiko yale kama muziki. Walifika kabla ya muda. Mashine ilifanya kazi yake mpaka mwisho. Muuguzi aliubonyeza tena mguu, na shimo likajaa upesi.

Bwana Mabango alifanya alichoweza nyumbani. Pikapu lilianza kupewa petroli ya kawaida, na kilichookolewa huko kikafidia kilichoongezeka kwa Kitoto. Pikapu halikuonyesha dalili yoyote ya kunyimwa. Liliendelea kunguruma vile vile, na ngazi zake juu.

Kitoto kilipokuwa kimekwisha maliza petroli ile ya zamani, Mwalimu Plagi alikisikiliza kwa kompyuta chuoni, mbele ya darasa zima la wanafunzi. Sikio la injini halikuwa na malalamiko. "Nendeni mlimani," alisema.

Siku hiyo ilikuwa tena mchana, tena jua la kuunguza. Mabunda ya mapazia yalikuwa kiti cha nyuma pamoja na mama mkwe, na fimbo za chuma zilipita katikati ya viti. Chini ya mlima Mama Mapazia alizima redio.  Akakanyaga mafuta, akatega masikio kama mtu anayesikiliza mwizi dirishani.

Gari likapanda.

Alisikia upepo. Alisikia matairi juu ya lami. Alisikia pumzi ya mama mkwe wake nyuma, ndefu, ya taratibu. Kokoto hazikuja. Mbele yao lori lilikuwa linahema kwa shida, limejaa mifuko ya saruji. Mama Mapazia aliangalia vioo, akawasha taa ya kuashiria, akakanyaga kidogo zaidi. Wakalipita. Hakuamini. Alilitazama kwenye kioo mara mbili kuhakikisha liko nyuma kweli.

Langoni pa hospitali aliegesha, akageuka.

"Mama. Mama, tumefika."

Mama mkwe alifumbua macho. Alama ya bunda la mapazia ilikuwa imechoreka shavuni mwake. "Tumefika wapi?"

"Hospitali."

"Usinidanganye. Mlima uko wapi?"

"Tumeshaupanda, Mama. Uko nyuma yetu."

Bibi alijivuta dirishani, akachungulia chini kwenye barabara inayoshuka. Lori la saruji lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza kwenye kona, linatoa moshi. 

"Hilo tumelipita?"

"Tumelipita."

"Na mimi nimelala!" Akafungua mlango mwenyewe, akatoa mguu mmoja nje, akamnyooshea mkwewe kidole. "Kesho kutwa tukija uniamshe, unasikia? Nataka kumwona dereva wa lori usoni."